Ijue kriketi: kutoka Nairobi hadi uwanda wa Gärdet

Kriketi ina mamilioni ya mashabiki duniani, na Afrika Mashariki imewahi kutoa timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hata hivyo, kwa wengi wetu sheria zake zimebaki kuwa fumbo. Makala haya yanaeleza misingi ya mchezo huo, namna unavyochezwa, na jinsi ulivyosafiri hadi kufika Stockholm.

Gärdet ni uwanda mpana wa majani ulioko mashariki mwa katikati ya jiji la Stockholm, chini ya mnara wa Kaknäs wenye urefu wa mita 155. Mwezi wa Juni jua huchelewa kuzama hadi saa nne usiku, na wakazi wa jiji huja hapo kutembea, kurusha tiara na kuchoma nyama. Pembeni kidogo utawaona vijana wakiwa na magongo bapa na mpira mdogo mgumu. Wanaitana kwa Kiurdu, Kipashto, Kiingereza na Kiswidi. Hao wanacheza kriketi.

Jioni moja mama mmoja, mkimbizi kutoka Bukavu, alikuwa amekaa kwenye majani akimtazama mwanawe aliyekuwa amesimama na gongo mkononi. Aliposikia nazungumza Kiswahili kwenye simu, alinigeukia na kuuliza: "Papa, niko hapa tangu masaa mbili. Nani anashinda?" Nilimjibu kwamba bado haiwezekani kujua. Alinitazama kama mtu aliyefanyiwa mzaha.

Jibu lile lilikuwa la kweli lakini halikumsaidia. Mzazi aliye ugenini huona mengi ya mwanawe yakimponyoka: lugha ya shuleni, marafiki, chakula, hata utani. Mchezo usiwe jambo jingine la kuongezwa katika orodha hiyo. Haya ndiyo maelezo niliyopaswa kumpa siku ile.

Kriketi ni mchezo gani?

Kriketi huchezwa na timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji 11. Timu moja hupiga mpira na kutafuta alama, ambazo huitwa mikimbio. Timu ya pili hurusha mpira na kuulinda uwanja. Zamu ya kwanza ikimalizika timu hubadilishana kazi, na iliyopata mikimbio mingi zaidi ndiyo mshindi.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na soka. Katika soka timu zote mbili hushambulia na kulinda kwa wakati mmoja, na mtazamaji anayepita njiani anaweza kuuliza matokeo akaambiwa "mbili kwa moja". Katika kriketi timu ya kwanza hukamilisha kwanza hesabu yake, kisha ya pili huifukuzia. Kwa hiyo saa nzima au mbili zinaweza kupita kabla ya kujulikana nani yuko mbele.

Sheria za mchezo hutunzwa na klabu ya Marylebone ya London, iliyotoa toleo lake la kwanza mwaka 1788. Mashindano ya kimataifa husimamiwa na Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lenye makao yake Dubai.

Uwanja na zana

Uwanja wa kriketi huwa mkubwa na wa mviringo, na mpaka wake huwekewa kamba au mstari. Katikati kuna ukanda wa ardhi iliyoshindiliwa ikawa ngumu, wenye urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05. Pahali pasipo na ardhi nzuri hutandikwa zulia maalumu. Karibu kila jambo muhimu katika mchezo huu hutokea kwenye ukanda huo.

Kila mwisho wa ukanda husimamishwa vijiti 3 vya mbao vyenye kimo cha sentimita 71, na juu yake huwekwa vipande viwili vidogo vya mti ambavyo havikufungwa kwa chochote. Vijiti hivyo pamoja na vipande vyake huitwa wiketi. Kipande kimoja tu kikianguka, wiketi imevunjika.

Mbele ya kila wiketi, umbali wa mita 1.22, huchorwa mstari mweupe. Tuuite mstari wa usalama, kwa kuwa mpigaji aliye nyuma yake yumo nyumbani, na aliyeuvuka yumo hatarini.

Gongo ni bapa, limetengenezwa kwa mti laini lakini imara, na halizidi urefu wa sentimita 96.5 na upana wa sentimita 10.8. Mpira una ngozi kwa nje na kizibo kilichozungushiwa nyuzi kwa ndani. Uzito wake ni kati ya gramu 156 na 163. Ni mgumu, na warushaji hodari huupeleka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Ndiyo maana mpigaji huvaa kofia ya chuma, glavu na kinga za miguu.

Mrushaji na ova yake

Wapigaji huwa wawili uwanjani kwa wakati mmoja, mmoja kila mwisho wa ukanda. Timu pinzani huwa uwanjani yote, watu 11: mrushaji, mlinda wiketi anayechutama nyuma ya vijiti, na walinzi 9 waliotawanywa na nahodha wao. Ni mlinda wiketi peke yake anayeruhusiwa kuvaa glavu. Wengine hudaka kwa mikono mitupu.

Mrushaji hukimbia, kisha huurusha mpira kuelekea kwa mpigaji aliye mwisho wa pili. Kwa kawaida mpira hudunda mara moja kabla ya kumfikia. Mrushaji hapaswi kuutupa kama mtu atupavyo jiwe: mkono huzungushwa juu ya bega, na kiwiko hakikunjuliwi wakati wa kuuachia mpira.

Warushaji ni wa aina mbili kuu. Wapo wa kasi, ambao silaha yao ni nguvu na mshono wa mpira unaoufanya upinde hewani. Na wapo wa mzunguko, ambao huurusha polepole lakini huusokota kwa vidole au kifundo cha mkono, ukidunda ubadilishe njia. Mgeni hudhani wa kasi ndio wa kuogopwa. Wazoefu wanajua kwamba mpira wa polepole umeaibisha wengi.

Mipira 6 halali huitwa ova. Ikiisha, mrushaji mwingine huchukua nafasi na kurusha kutoka mwisho wa pili wa ukanda, kwa kuwa mtu mmoja haruhusiwi kurusha ova mbili mfululizo. Mpira uliopita mbali na mpigaji, au uliorushwa na mtu aliyekanyaga na kuuvuka mstari, si halali: timu inayopiga hupewa mkimbio wa bure na mpira hurudiwa.

Mikimbio hupatikanaje?

Mpigaji akiupiga mpira, yeye na mwenzake wanaweza kukimbia na kubadilishana nafasi. Wote wawili wakifika salama, wamepata mkimbio mmoja. Wakiwahi kurudi, miwili. Hawalazimiki kukimbia, wakiona hatari hubaki walipo, na hakuna adhabu.

Mpira ukivuka mpaka wa uwanja baada ya kugusa ardhi, timu hupewa mikimbio 4 bila mtu kukimbia. Ukivuka mpaka hewani bila kugusa ardhi, ni mikimbio 6. Mwamuzi huonyesha 4 kwa kupunga mkono mmoja kifuani, na 6 kwa kuinua mikono yote miwili juu ya kichwa.

Mchezaji mmoja akifikisha mikimbio 50 hupigiwa makofi. Akifikisha 100 huinua gongo lake kusalimia watu, na hata wapinzani humpongeza. Anayetolewa kabla ya kupata hata mmoja huondoka kichwa chini, na jioni hutaniwa.

Mpigaji hutolewaje?

Mpigaji huendelea kupiga mpaka atolewe, naye akitoka mwingine huingia. Kila anayetolewa huhesabiwa kuwa ni wiketi moja iliyoanguka. Kwa kuwa ni lazima wapigaji wawe wawili, zamu ya timu humalizika wiketi 10 zinapoanguka, na wa kumi na moja hubaki peke yake. Humalizika pia ova zilizopangwa zinapokwisha.

Ziko njia 9 za kutolewa, lakini 5 ndizo zinazoonekana mara nyingi:

- Kuvunjiwa wiketi. Mrushaji anampita mpigaji na mpira unagonga vijiti.
- Kudakwa. Mpigaji anaupiga mpira na mlinzi anaudaka kabla haujagusa ardhi.
- Mguu mbele ya wiketi. Mpira unampiga mpigaji mwilini, mara nyingi mguuni, na mwamuzi anaona kwamba kama si mwili huo ungegonga vijiti.
- Kukimbiwa. Wapigaji wakiwa katikati ya kukimbia, mlinzi anavunja wiketi kwa mpira kabla mmoja wao hajafika nyuma ya mstari wa usalama.
- Kutoka nyumbani. Mpigaji anauvuka mstari ili kuupiga mpira, anaukosa, na mlinda wiketi anavunja wiketi kabla hajarudi.

Njia ya tatu ndiyo inayoleta ubishi kuliko zote, kwa sababu mwamuzi hupima jambo ambalo halikutokea. Hujiuliza: je, mpira ulidundia nje ya vijiti upande wa miguu ya mpigaji? Kama ndivyo, mpigaji amesalimika. Je, uligonga gongo kwanza? Amesalimika pia. Je, ulimpata akiwa mbele ya vijiti, na ungeendelea moja kwa moja hadi kuvigonga? Majibu yote yakiwa dhidi yake, hutolewa. Hata akigongwa nje ya njia ya vijiti anaweza kutolewa, ikiwa hakujaribu kuupiga mpira kwa dhati. Katika mechi kubwa siku hizi waamuzi husaidiwa na kamera na kompyuta, lakini pale Gärdet hutegemewa macho.

Mwamuzi hahukumu asipoulizwa

Iko sheria moja ambayo wageni wengi hawaijui, nayo ni ya 31 katika kitabu. Mwamuzi hamtoi mpigaji mpaka timu inayolinda imwombe uamuzi. Ndiyo maana utawasikia wachezaji wakigeuka ghafla na kupaza sauti kwa pamoja, maana yake ikiwa "vipi huyo?" Mwamuzi akiinua kidole kimoja, mpigaji ametolewa. Akitikisa kichwa, mchezo unaendelea. Na pale anapokuwa na shaka, kwa desturi ya mchezo shaka hiyo humfaidi mpigaji.

Nimefanya kazi ya uhariri kwa zaidi ya miaka 25, na nimeishi mahali ambapo mtu alitolewa kwanza, swali likaulizwa baadaye au lisiulizwe kabisa. Pengine ndiyo sababu sheria hii hunigusa kuliko mikimbio yote. Mpigaji yuko peke yake dhidi ya watu 11, lakini hatolewi kwa kelele zao. Hutolewa kwa swali lililoulizwa hadharani na jibu lililotolewa hadharani.

Namna ya kusoma matokeo

Ubao wa kriketi humtisha asiyeuzoea, ingawa hesabu yake ni nyepesi. Tuchukue mifano mitatu ya kwetu.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilipambana na West Indies katika Kombe la Dunia. Kenya ilipiga kwanza ikapata mikimbio 166. West Indies, mabingwa wa mwaka 1975 na 1979, walitolewa wote kwa mikimbio 93. Timu iliyopiga kwanza inaposhinda, tofauti huhesabiwa kwa mikimbio: 166 ukitoa 93 ni 73. Kenya ilishinda kwa mikimbio 73. Brian Lara, mmoja wa wapigaji wakubwa wa zama zake, alipata mikimbio 8 tu kabla ya kudakwa na mlinda wiketi Tariq Iqbal kutokana na mpira wa Rajab Ali.

Tarehe 5 Juni 2024, nchini Guyana, Uganda ilikutana na Papua New Guinea katika Kombe la Dunia la ova 20. Papua New Guinea ilitolewa yote kwa mikimbio 77. Uganda ikafukuzia na kufikisha 78 ikiwa imepoteza wiketi 7. Timu iliyopiga ya pili inaposhinda, tofauti huhesabiwa kwa wiketi ilizobakiwa nazo: 10 ukitoa 7 ni 3. Uganda ilishinda kwa wiketi 3.

Mfano wa tatu ni wa mrushaji. Tarehe 15 Machi 2003 Asif Karim wa Kenya, mzaliwa wa Mombasa, aliirushia Australia, mabingwa wa dunia wa wakati huo. Takwimu zake ziliandikwa hivi: 8.2 – 6 – 7 – 3. Maana yake alirusha ova 8 na mipira 2. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja. Alifungwa mikimbio 7 tu. Na aliangusha wiketi 3. Kenya ilishindwa siku hiyo, lakini Karim, ambaye alikuwa ameshastaafu na kuombwa arudi, ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mechi.

Aina tatu za mechi

Mechi ya aina ya zamani kuliko zote kimataifa huchezwa hadi siku 5, na kila timu hupata zamu mbili za kupiga. Inaweza kumalizika bila mshindi. Ni nchi chache tu zilizopewa hadhi ya kuicheza.

Ya pili ni ya siku moja. Kila timu hupewa ova 50, na mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 10. Hii ndiyo ya Kombe la Dunia lililoanza mwaka 1975, wakati huo ikiwa ya ova 60.

Ya tatu ni ya ova 20, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2003 na kumalizika kwa muda wa kama saa tatu. Hii ndiyo iliyoufikisha mchezo katika nchi nyingi mpya, na ndiyo iliyopangwa kuchezwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Kabla ya hapo kriketi ilichezwa mara moja tu katika Olimpiki, Paris mwaka 1900.

Ilifikaje Afrika Mashariki?

Kriketi ililetwa na wakoloni wa Kiingereza, wamishonari na wanajeshi wao, lakini waliouotesha mizizi ni wahamiaji wa Kihindi: wafanyabiashara, makarani na mafundi wa Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Klabu nyingi ziliundwa kwa misingi ya jamii na dini, na Mwafrika aliyeingia uwanjani mara nyingi aliingia kuokota mipira au kutunza majani.

Mwaka 1975 Afrika Mashariki ilipeleka timu moja katika Kombe la Dunia la kwanza huko Uingereza, ikiwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya nahodha Harilal Shah. Ilishindwa mechi zote tatu. Katika ile ya kwanza, mjini Birmingham, New Zealand ilipata mikimbio 309, na Glenn Turner peke yake alipata 171 bila kutolewa. Afrika Mashariki ilijibu kwa 128.

Miongoni mwa wachezaji hao walikuwemo Waganda Samuel Walusimbi na John Nagenda, mwandishi wa vitabu aliyekuja baadaye kuwa mshauri wa Rais Yoweri Museveni, na ambaye alifariki mwaka 2023. Wengine wengi ambao wangeweza kuivalia Uganda jezi hawakuwapo tena nchini. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na viwanja vya Kampala, Jinja na Entebbe vikapoteza sehemu kubwa ya wachezaji, makocha na wafadhili wao.

Baadhi ya familia hizo zilipokewa Sweden. Mamia yao walifika nchini humo, na wengi wakakaa katika mji wa viwanda wa Trollhättan, ambako Waislamu wa madhehebu ya Shia kutoka Uganda walifungua msikiti mwaka 1985. Katika nyumba kadhaa za mji huo Kiswahili kimesikika kwa miaka mingi, pamoja na Kigujarati na Kiswidi.

Kenya: kupanda na kuanguka

Kilele cha kriketi ya Afrika Mashariki kilikuwa mwaka 2003. Kombe la Dunia lilifanyika Afrika Kusini, na baadhi ya mechi zilipangwa Zimbabwe na Kenya. New Zealand ilikataa kwenda Nairobi kwa kuhofia usalama, miezi michache baada ya shambulio la bomu la Kikambala, karibu na Mombasa, na Kenya ikapewa alama za mechi hiyo. Waliosema kwamba Kenya ilibebwa na bahati walijibiwa tarehe 24 Februari, mjini Nairobi. Kenya ilipata mikimbio 210 dhidi ya Sri Lanka, kisha Collins Obuya akaangusha wiketi 5 kwa mipira yake ya mzunguko, na Sri Lanka ikatolewa kwa 157.

Chini ya nahodha Steve Tikolo, Kenya ilizishinda pia Canada, Bangladesh na Zimbabwe, ikafika nusu fainali mjini Durban tarehe 20 Machi. India ilishinda kwa mikimbio 91. Hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya mechi za siku 5 iliyowahi kufika hatua hiyo ya Kombe la Dunia la ova 50.

Kilichofuata ni somo chungu. Uongozi uligawanyika, wachezaji waligombania malipo yao, na mwaka 2004 mmoja wa nyota wa timu alifungiwa miaka 5 kwa kuhusiana na mcheza kamari. Fedha na sifa za 2003 hazikufika mashuleni kwa kiasi cha kuandaa kizazi kingine. Kenya ilicheza Kombe la Dunia la ova 50 kwa mara ya mwisho mwaka 2011, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi yake ya kimataifa katika mechi za ova 50. Ni nadra kuona timu ikishuka hivyo ndani ya miaka 11.

Walioshika kijiti

Uganda ilifuzu Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024 baada ya kuishinda Zimbabwe katika mchujo uliofanyika Namibia mwezi Novemba 2023. Katika ushindi wa Guyana tuliouona juu, Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43 wakati huo, alirusha ova 4 na kufungwa mikimbio 4 tu, akiangusha wiketi 2. Siku chache baadaye Uganda ilitolewa kwa mikimbio 39 mbele ya West Indies. Ndivyo mchezo ulivyo.

Rwanda haikuwa koloni la Uingereza na haikuwa na mila ya kriketi. Waliouleta mchezo huo baada ya mwaka 1994 ni wakimbizi waliorejea kutoka Uganda na Kenya, ambako wengi waliukuta wakiwa shuleni. Mwaka 2017 nchi hiyo ilifungua uwanja wa kisasa wa Gahanga, Kigali, na Januari 2023 wasichana wake wa chini ya miaka 19 waliishinda West Indies katika Kombe la Dunia la rika lao. Tanzania nayo, mwaka 2025, ilifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la wavulana wa chini ya miaka 19.

Na Sweden je?

Waswidi wana mchezo wao wa kiangazi unaoitwa brännboll, wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia, kwa hiyo wazo lenyewe si geni kwao. Lakini kriketi ilibaki kwa miaka mingi kuwa mchezo wa Waingereza wachache na wahamiaji kutoka bara Hindi.

Hali ilibadilika hasa baada ya mwaka 2015, pale watu wapatao 163,000 walipoomba hifadhi nchini humo. Zaidi ya 40,000 kati yao walitoka Afghanistan, wengi wakiwa vijana waliofika bila wazazi. Waafghanistan wenyewe walijifunza kriketi wakiwa wakimbizi nchini Pakistan, na kutoka makambini walijenga timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024. Vijana hao walipofika Sweden waliulizia mambo mengi, na mojawapo lilikuwa: wapi tunaweza kucheza?

Leo kriketi huchezwa Gärdet, Skarpnäck na Botkyrka, kitongoji cha kusini mwa Stockholm. Tangu 2019 mechi za ova 20 baina ya mataifa yote wanachama wa ICC hutambuliwa rasmi, na Sweden imo. Mwaka 2020 iliajiri kocha mwenye jina kubwa, Jonty Rhodes wa Afrika Kusini. Msimu ni mfupi, kuanzia Mei hadi Septemba. Theluji ikianguka vijana huingia kwenye kumbi za michezo na kucheza kwa mpira laini wa tenisi uliozungushiwa utepe, kama wachezavyo watoto wa Karachi vichochoroni.

Ukikaa pembeni mwa uwanja

Mama wa Bukavu hakuhitaji kujua yote haya. Alihitaji maswali manne tu, ambayo mzazi yeyote anaweza kuyauliza pembeni mwa uwanja:

- Timu gani inapiga sasa, na ni zamu ya kwanza au ya pili?
- Ina mikimbio mingapi, na imepoteza wiketi ngapi?
- Ova ngapi zimebaki?
- Kama ni zamu ya pili, inahitaji mikimbio mingapi ili ishinde?

Mwenye majibu hayo anaweza kufuatilia mechi yoyote, iwe ya Entebbe, Nairobi au Stockholm. Na mtoto akirudi nyumbani na vumbi magotini, usimwulize tu kama wameshinda. Mwulize alipata mikimbio mingapi na alitolewaje. Atakueleza kwa kirefu, na huenda akakueleza kwa Kiswahili.